Aliye na Kipando cha Ziada



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika tunachokichuma na katika tunachokitoa. La kuchuma tumehimizana sana hapa. La kutoa tumemwachia kila mtu na moyo wake, na leo nataka tulikalie kidogo.

Wiki mbili zilizopita ndugu yetu mmoja alinishika mkono mlangoni baada ya sala ya Isha. Ana pikapu ya umeme, Ford F-150 Lightning ya mwaka 2022, aliyoinunua kwa kazi zake za ujenzi. Kazi imebadilika, sasa anasafiri mbali, na pikapu imekaa uani miezi. Akaniuliza: "Sheikh, nikiitoa sadaka si nimemaliza? Kuna watu wanakuja kuivuta bure, wanakupa karatasi ya kodi, basi." Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe muda, na kwa idhini yake nimeona jibu nilitoe mbele yenu nyote. Hayuko peke yake. Hapa Columbus, Ohio, tumetoka Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, Barawa na Kongo. Wengine kati yetu wamejaaliwa, wana magari mawili matatu uani. Na katika safu hizi hizi yumo aliyekuja kusali leo kwa kubadilisha mabasi mawili.

Jambo la kumpa mtu cha kumbeba si dogo katika dini yetu, wala halikuanza na magari. Mwaka wa 9 wa Hijra, wakati wa joto kali na tende za Madina zikikaribia kuvunwa, Mtume (s.a.w.) alitangaza safari ya Tabuk. Njia ndefu, jangwa tupu. Asiye na mnyama wa kupanda asingefika. Wakaja mafukara kumwomba awapatie vipando, naye hakuwa na cha kuwapa. Habari yao imo katika Suratut Tawba, aya ya 92: waliondoka kwake wakilia, kwa huzuni ya kukosa uwezo wa kwenda. Wanahistoria wamewaita wenye kulia, na wakawahesabu watu saba. Tafakarini hapo. Watu wazima wanalia hadharani, na kinachowaliza si njaa wala deni, ni kukosa kipando cha kuwafikisha kwenye kheri.

Machozi ya namna hiyo nimeyaona katika mji huu. Kijana anapata kazi kwenye maghala ya Etna au Groveport, zamu ya usiku, mabasi haba au hakuna, na ile kazi inampita. Mama anabeba mifuko ya unga na mafuta kutoka kwenye mgao wa chakula huku amemshika mtoto mkono, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Hawaji kwetu wakaomba. Wanaona haya.

Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwaona wenye haya. Amesimulia Abu Said al-Khudri (r.a.), na imo katika Sahihi Muslim, kwamba walikuwa safarini pamoja na Mtume, akaja mtu juu ya mnyama wake akawa anatupa macho kulia na kushoto. Hakusema neno. Mtume akawaambia waliokuwepo kwamba aliye na kipando cha ziada amrudishie asiye nacho, na aliye na chakula cha ziada ampe asiye nacho. Akaendelea kutaja aina moja ya mali baada ya nyingine, mpaka Abu Said anasema walidhani hakuna yeyote kati yao mwenye haki ya kubaki na cha ziada. Angalieni alianza na nini. Alianza na kipando.

Basi, ndugu yetu mwenye pikapu, nia yako ni njema na mlango umeubisha unapostahili. Swali langu ni hili: unataka kuitoa pikapu, au unataka kuiondoa uani kwako? Kwa macho ya jirani mambo hayo mawili ni kitu kimoja, kwa sababu gari limeondoka. Kwa Mwenyezi Mungu yana umbali mkubwa, na mizani yake tunaipata kwa farasi wa Umar.

Umar bin Khattab (r.a.) alimtoa farasi wake katika njia ya Mwenyezi Mungu, akampa mtu amtumie. Yule mtu hakumtunza. Farasi akadhoofika, akapoteza hali yake. Siku moja Umar akamkuta anauzwa sokoni, akataka kumnunua, akidhani bei itakuwa ndogo. Akamuuliza Mtume (s.a.w.). Mtume akamkataza kumnunua hata kwa dirhamu moja, na akamfananisha anayeirudia sadaka yake na mbwa anayeyarudia matapishi yake. Hadithi hii ni ya Bukhari na Muslim, na kila tunapoisoma tunashika ile sehemu ya mwisho, ya kutoirudia sadaka. Mimi leo nataka tutazame katikati ya kisa. Farasi mzuri, aliyetolewa na mtu mzuri kwa nia safi, alipotea kwa sababu aliyempokea hakuweza kumtunza. Tendo la Umar lilikubaliwa, hatuna shaka. Lakini yule farasi hakumfikisha mtu popote.

Hicho ndicho ninachokihofia kwa pikapu za umeme. Gari la petroli ukimpa mtu yeyote, anajua la kufanya: kituo cha mafuta kipo kila kona, fundi yupo kila mtaa. Pikapu ya umeme ni farasi wa namna nyingine, ana malisho yake. Nimejifunza kwa wenye kuijua. Hiyo Lightning ikiwa na betri kubwa ya kilowati saa 131, ukiichomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya volti 120, inahitaji zaidi ya siku nne kujaa kutoka sifuri. Saa nzima ya kuchaji inakupa mwendo wa kilomita nne hivi. Ukiwa na chaja yenye nguvu ya volti 240, inaweza kujaa kwa usiku mmoja. Sasa mpelekee pikapu hiyo ndugu yetu anayekaa ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga, maegesho ya pamoja yasiyo na soketi hata moja. Umempa nini? Umempa gari lenye uzito unaokaribia tani tatu ambalo atalihangaikia usiku kwenye vituo vya kulipia, na baridi ya Januari ikija, safari inayotoka kwenye chaji moja inapungua, anashtuka njiani. Ataliuza. Hana kosa. Wewe ndiye uliyempa farasi usimpe majani.

Sisi tuliokulia Lamu tunalijua hili bila kusoma kitabu. Punda hatolewi mtupu. Ukimpa mtu punda wa kubebea mchanga unampa na shogi zake na kamba yake, la sivyo anakwenda kuazima kwa jirani, na punda wako anakuwa aibu. Uthman bin Affan (r.a.), katika ile ile safari ya Tabuk, aliposimama kuahidi ngamia mia, riwaya ya Tirmidhi inasema aliwaahidi pamoja na matandiko yao. Kisha akaahidi tena mia mbili, na tena mia tatu, na kila mara matandiko yakatajwa. Kwa nini mpokezi akayahifadhi hayo matandiko kwa miaka yote? Kwa sababu bila hayo, ngamia ni nyama tu iliyosimama.

Matandiko ya pikapu ya umeme ni waya wake wa kuchajia, ambao wengi huubakiza gereji wakisahau. Ni chaja ya ukutani na fundi umeme mwenye leseni wa kuifunga. Ni bima. Ni ada ya usajili, na hapa Ohio gari la umeme linatozwa dola 200 kila mwaka juu ya ada ya kawaida, jambo ambalo maskini atalijua siku ya kwanza dirishani, akiwa amekwisha kuchelewa. Ni matairi, kwa sababu gari zito hivyo linayala upesi. Mwenye uwezo wa kutoa pikapu ana uwezo wa kutoa na mwaka wa kwanza wa malisho yake. Na Mtume (s.a.w.), kwa riwaya ya Abu Hurayra kwa Bukhari, alitufahamisha kwamba mwenye kumfunga farasi kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu, kwa imani na kuisadiki ahadi, basi shibe ya farasi huyo, maji yake, hata kinyesi na mkojo wake, vitakuwa katika mizani ya mtu huyo Siku ya Kiyama. Hakuna kinachopotea. Kila usiku gari hilo linapochajiwa kwa pesa yako, umelala, na mizani inajaa.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Ni ukweli.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 267, ametukataza tusikikusudie kile kibaya katika mali zetu tukakitoa, hali sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Watu wetu wana msemo, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Msemo mzuri, lakini tumeugeuza kuwa pazia. Nguo iliyochanika, kutoa ni moyo. Friji isiyogandisha, kutoa ni moyo. Gari ambalo fundi amekwambia usilipeleke barabara kuu, kutoa ni moyo. Huo si moyo. Huo ni kumfanya fukara kuwa jalala la nyumba yako, kisha ukamtaka akushukuru.

Na gari la umeme ni jepesi kufichia aibu. La petroli likiwa bovu linatoa moshi, linagonga, hata mtoto anajua. Betri iliyochoka iko kimya. Rangi inang'aa, viti vizuri, kioo kikubwa kinawaka, na chini sakafuni nguvu imepungua theluthi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione, na akatamka kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Huyo alikuwa mfanyabiashara anauza. Wewe unayetoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu unastahili kuwa mkweli zaidi yake. Iweke nafaka iliyolowa juu. Lipeleke gari likapimwe afya ya betri yake, uandike matokeo, uyaambatanishe. Sema limegongwa wapi. Sema kama kuna mwito wa mtengenezaji wa kulirudisha likarekebishwe na hujalipeleka. Na kama kuna jema, liseme pia: betri ya Lightning ina dhamana ya mtengenezaji ya miaka 8 au maili 100,000, kitakachotangulia, na dhamana hiyo inalifuata gari hata likibadilisha mwenyewe. Gari la 2022 ambalo halijafikisha maili hizo lina kinga mpaka 2030. Kwa anayepokea, karatasi hiyo ina thamani kuliko rangi.

Moja halina mjadala. Gari la umeme lililozama kwenye maji ya mafuriko, hasa ya chumvi, usimpe mtu kabisa. Septemba 2022, baada ya kimbunga Ian kupiga Florida, magari ya umeme yaliyolowa maji ya bahari yalishika moto, mengine baada ya siku kadhaa, yakiwa yameegeshwa tu, na wazima moto wakapata taabu kubwa kuyazima. Gari la namna hiyo linaletwa huku likiwa limesafishwa, na bei yake ni ya kuvutia. Ukijua asili yake ukalitoa sadaka kwa familia yenye watoto, hiyo siyo sadaka. Ni dhima ya damu shingoni mwako.

Sasa nirudi kwa wale wanaokuja kuvuta gari bure. Sisemi ni haramu, wala simtuhumu mtu. Mashirika mengi ya kheri ya nchi hii yanapokea magari kwa njia hiyo na kazi zao ni za kweli. Lakini lazima ujue unachofanya. Mara nyingi gari halitumiki na shirika. Linakwenda mnadani, wakala anachukua fungu lake na gharama za kulivuta, na kinachobaki ndicho kinachofika kwenye kheri. Bei za mnadani za magari ya umeme yaliyotumika zimekuwa za chini. Unaweza kutoa gari zuri lenye kubeba mizigo ya msikiti kwa miaka, na kheri ikapata sehemu ndogo ya thamani yake.

Nilipoisoma sheria ya kodi ya Marekani juu ya hili nilishangaa, kwa sababu nayo imeliona. Zamani mtu alijikadiria mwenyewe thamani ya gari alilolitoa, watu wakazidisha, sheria ikabadilishwa kuanzia 2005. Tangu hapo, gari likiuzwa tu na shirika, na ukadai zaidi ya dola 500, punguzo lako la kodi haliwezi kuzidi bei ambayo liliuzwa. Lakini shirika likilitumia gari hilo hasa kwa kazi zake, au likilitengeneza matengenezo makubwa, au likampa mhitaji kwa mujibu wa kazi yake ya kheri, unaweza kudai thamani yake halisi ya sokoni. Ikizidi dola 5,000 unahitaji tathmini ya maandishi ya mtaalamu. Shirika linakupa Fomu 1098-C inayoeleza gari limefanywa nini. Hata mkusanya kodi ametenganisha gari lililobeba watu na gari lililobadilishwa kuwa noti.

Na mtaniuliza, je, kulichukua punguzo hilo kunaharibu thawabu? Kwa ninavyofahamu, hapana. Ni haki uliyopewa na sheria ya nchi unayoishi kwa mkataba na amani, na kuichukua kwa ukweli hakuna ubaya. Ubaya ni mambo mawili. Nia, ikiwa karatasi ndiyo iliyokutoa nyumbani na kheri imekuja kama abiria. Na uongo, ukimwambia mtathmini gari halijagongwa nalo limegongwa. Hapo umetoa ushahidi wa uongo, umeufunga na sadaka kwa kamba moja, na utavikuta pamoja.

Wala usiihesabu pikapu hiyo kuwa zaka yako ya mwaka huu. Nimeulizwa hili zaidi ya mara moja. Zaka ya fedha, kwa madhehebu ya Imam Shafii tuliyolelewa nayo pwani, hutolewa kwa fedha, na ina watu wake waliotajwa. Gari ni sadaka. Ni kheri kubwa, lakini deni la zaka liko pale pale. Na kwa kuwa tumetaja deni: pikapu ambayo bado unalipia mkopo, cheti chake kiko kwa aliyekukopesha, si yako ya kutoa. Ya kukodi kwa miaka mitatu pia si yako. Maliza haki za watu kwanza.

Ndugu yetu aliniuliza pia kama aifanye wakfu. Nilifurahi kusikia neno hilo, maana wazee wetu walijua kuweka wakfu. Minazi, nyumba, visima, na katika misikiti yetu ya pwani mpaka leo utakuta jeneza na masufuria makubwa ya shughuli, yasiyo ya mtu, kila mwenye msiba au harusi anakuja kuchukua na kurudisha. Kwa Shafii kinachohamishika kinafaa kuwa wakfu maadamu kinatumika na chenyewe kinabaki, na dalili yao ni deraya za Khalid bin Walid (r.a.) alizozizuia kwa njia ya Mwenyezi Mungu. Lakini wakfu hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi, na maulamaa wamekuwa na maneno mengi juu ya wakfu uliochakaa, kama mikeka ya msikiti iliyooza. Betri ina umri. Kwa maoni yangu, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwa kitu kama hiki ni bora kuumilikisha msikiti moja kwa moja, ili kamati ikiona siku zake zimekwisha iuze na kuingiza pesa kwenye kazi ile ile, bila kugombana juu ya kaburi la aliyetoa. Wakfu tuuweke kwenye ardhi.

Na kukabidhi kukamilike. Zawadi haitimii mpaka aliyepewa aishike. Hapa Ohio sahihi yako kwenye cheti cha umiliki inathibitishwa mbele ya wakili wa viapo, na bamba za namba unabaki nazo wewe. Ila kuna kukabidhi kwingine ambako wazee hawakukujua. Pikapu hizi zimeunganishwa na simu ya mwenyewe. Ukisahau kuliondoa gari kwenye akaunti yako, unaweza kukaa kitandani ukaona limeegeshwa wapi, ukafungua na kufunga milango yake. Umetoa gari ukabakiza jicho lako ndani yake. Lifute kwenye simu, rudisha kompyuta ya gari kama ilivyotoka kiwandani, ondoa anwani ya nyumba yako na majina ya wake na watoto yaliyomo. Kisha liache. Usipite ukiliangalia kama wameliosha. Usimwambie dereva wake, mbele za watu, gari langu hilo linaendaje. Mwenyezi Mungu ameonya katika Suratul Baqara, aya ya 264, kwamba masimango na maudhi yanaibatilisha sadaka, na masimango mengi huanza kwa sauti ya mzaha.

Kwa nini basi nimesumbuka hivi kwa pikapu moja? Kwa sababu nimeihesabia kazi, nikaona ikipata mahali pake panapoifaa itafanya mengi. Mgao wa chakula wa kila Jumamosi hauzidi kilomita 50 kwenda na kurudi, na usiku gari linalala hapa hapa uani. Hiyo ndiyo kazi ambayo gari la umeme liliumbiwa: njia fupi, inayojulikana, na kurudi zizini. Nyama ya Idd kutoka mashambani. Vitanda na magodoro ya familia zinazowasili bila kitu. Na tena, Lightning zilizofungwa mfumo mkubwa zinatoa umeme wa kilowati 9.6 kutoka kwenye betri zao. Mnakumbuka Juni 2022, joto limepamba, umeme ukakatika sehemu kubwa za mji huu kwa siku nzima na zaidi? Mnakumbuka akina mama wenye watoto wachanga, na dawa za sukari zilizokuwa kwenye friji? Gari hilo lingesimama nje ya ukumbi huu likaendesha friza, feni na taa usiku ule. Mtume (s.a.w.) alihesabu katika sadaka za kila siku kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpandishia mzigo wake juu. Hayo ni kwa mnyama ambaye ni wa mtu mwenyewe. Je, ukimpa na mnyama?

Nimemjibu ndugu yetu hivyo, na amekubali. Pikapu itakuja msikitini, pamoja na waya wake, taarifa ya betri na mwaka mmoja wa bima. Ametoa zaidi ya nilivyomwomba, Mwenyezi Mungu ampokelee.

Kilichobaki ni juu yetu sisi. Uani hapa hatuna chaja ya volti 240. Tunahitaji fundi umeme mwenye leseni, na miongoni mwenu wamo. Tunahitaji ada ya usajili na umeme wa mwaka. Tunahitaji madereva wanne wenye rekodi safi watakaopokezana Jumamosi, na mtu mmoja mwaminifu wa kushika daftari la gari: limekwenda wapi, limebeba nini, limechajiwa lini. Bila hayo gari sitalipokea, nitamwambia mwenyewe atafute msikiti mwingine ulio tayari. Daftari la majina liko juu ya meza karibu na rafu za viatu, na upande wa akina mama liko la pili. Nawaombeni, mwenye kuweza lolote katika haya aandike jina lake kabla hajavaa viatu.